Unapokaa Upande Usio na Breki

Wapendwa wanandoa, hebu niwaulize. Mwana wenu akishamaliza Kidato cha Nne na kufikisha miaka 18, naye aseme, "Baba, nifundishe gari," mtajibu nini? Na je, mtajibu kwa sauti moja?

Nyumbani kwetu hatukujibu kwa sauti moja. Binti yetu alikuwa amejiandikisha katika shule ya udereva mjini Nyeri, ana leseni ya muda mkononi, lakini alitaka mazoezi zaidi. Mimi nilikubali upesi, maana najivunia kidogo uendeshaji wangu. Mama yake alinyamaza. Akina baba wenzangu, mke akinyamaza namna hiyo, msidhani amekubali.

Tulianza Jumapili alasiri katika kiwanja kitupu, Toyota yetu kuukuu ikiwa na alama za L mbele na nyuma. Hapo hapakuwa na taabu. Taabu ilikuja siku tuliyoteremka mto Chania na kupanda upande wa King'ong'o. Anayeujua mlima ule hahitaji kuelezwa. Lori lililokuwa mbele yetu lilisimama, naye akasimama. Alipotaka kuondoka, aliachilia klachi kwa haraka, injini ikazima, gari likaanza kurudi nyuma. Nyuma yetu kulikuwa na matatu iliyojaa abiria.

Mguu wangu ulitafuta breki. Nilikanyaga kwa nguvu zangu zote, na nilichokanyaga kilikuwa sakafu tupu! Kisha nikapiga kelele. Huyu mtoto ana jina la mama yangu, nami humwita maitu kama desturi yetu ilivyo, lakini siku ile sikumwita hivyo. Na wakati mimi nafoka, yeye alikuwa ameshavuta breki ya mkono kama alivyofundishwa. Gari lilikuwa limesimama kabla sijamaliza kumtukana.

Jioni akamwambia mama yake kwamba hataki tena kujifunza. Mke wangu hakunigombeza mbele ya watoto, na kwa hilo namshukuru. Tulipokuwa peke yetu aliniuliza, "Unamfundisha gari, au unamfundisha kukuogopa?" Nilikasirika, nikajigeuza ukutani nikajifanya nimelala.

Lakini swali hilo halikulala. Gari la shule ya udereva lina breki ya pili upande wa mwalimu. Mwanafunzi akikosea, mwalimu hukanyaga. Gari la nyumbani halina. Mzazi anayekaa kando ya mwanawe amebaki na nini basi? Amebaki na neno lake tu. Nami nikaona kwamba tangu sasa mambo yote ya mtoto huyu yatakuwa hivyo: marafiki zake, simu yake, masomo yake Nairobi, mchumba atakayemleta. Nitakanyaga sakafu. Hapo ndipo unapoulizwa kama neno lako lina uzito wowote kwake, na kelele haziliongezei uzito.

Uzito wa neno hilo hupimwa zamani, mtoto akiwa bado kiti cha nyuma. Mtu mmoja alitushauri tutoe "chai" ili binti apite mtihani wa udereva bila wasiwasi. Nilimwambia binti yangu kwamba huo ni wizi, na tena ni hatari, kwa sababu leseni ya kununuliwa haijui kusimamisha gari. Alinisikiliza kwa heshima. Kisha akauliza polepole, "Na ile ya kwenye kizuizi, Baba?" Alikuwepo siku ile. Taa yetu moja ilikuwa haiwaki, nami nikapitisha noti dirishani nikidhani watoto wamesinzia.

Ungejibu nini, ndugu msomaji? Nilitaka kusema mambo ya wakubwa ni mengine. Nikasema nilikosa. Sijui kama niliwahi kumwambia mtoto wangu neno hilo hapo awali.

Wengine hupita njia ya kinyume. Kijana wa miaka 15 anapewa pikapu apeleke maziwa kituoni, eti ni barabara ya vumbi tu, hakuna askari. Baba anaita huko kumwamini mtoto. Mimi nakataa. Sheria inataka miaka 18 kwa gari, na hata pasipo askari, kwenye barabara ile ya vumbi wanapita watoto wa jirani wakienda shuleni. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya 1992, namba 2290, inaweka ulevi na kupenda mwendo kasi barabarani chini ya amri ya tano, ile ya kutoua, na inasema anayehatarisha usalama wake na wa wengine kwa njia hiyo ana hatia nzito. Mwenye kumkabidhi ufunguo mtoto asiyekomaa aipime dhamiri yake hapo.

Kuna na baba anayemfundisha mwana wa kiume tu, akisema binti ataendeshwa na mumewe. Huyo sina la kumwambia zaidi ya kumwomba aende Karatina siku ya soko ahesabu akina mama walioshika usukani.

Mimi na mke wangu tulikubaliana mambo mawili. Kwanza, hofu yake aniambie mimi, asimwambie binti mlangoni tunapoondoka. Pili, nikipaza sauti, somo linaisha na naomba radhi kabla ya chakula cha jioni. Nimeomba radhi mara mbili hadi sasa.

Jumapili iliyopita alikuja nasi, akakaa nyuma na rozari yake. Tulifika mlima wa King'ong'o. Gari lilizima tena, mahali palepale. Hakuna aliyesema neno. Binti alivuta breki ya mkono, akawasha, akatazama kioo, akamngoja mtu wa bodaboda apite, kisha tukapanda.