Kuvaa ni halali, kulimbikiza je?

Hapa Benaco, yanapopumzika malori yaendayo Rwanda kupitia Rusumo, mitumba ni biashara ya kila siku. Wazee wetu waliiita 'kafa Ulaya'. Jirani zetu Wanyarwanda wanaiita 'caguwa', neno walilolitoa kwenye Kiswahili chetu: chagua. Katika kuchagua huko tupo tunaotafuta shati la aina moja tu: pamba nzito ya oksfodi, kola yenye vifungo viwili vya kuishikiza, na kitanzi kidogo mgongoni.

Shati hili lina historia. Brooks Brothers wa New York walianza kulishona mwishoni mwa karne ya 19, wakiiga wachezaji wa polo wa Uingereza waliofunga kola zao zisiwapige usoni. Baadaye likawa vazi la wanafunzi wa Harvard, Yale na Princeton. Mwaka 1965 Wajapani walitoa kitabu cha picha, Take Ivy, juu ya mavazi ya vyuo hivyo, na leo wapo watu duniani wanaokusanya mashati hayo ya zamani kama wengine wanavyokusanya stempu.

Baadhi ya ndugu huniuliza: mwalimu wa dini na mashati ya Wamarekani wapi na wapi? Jibu langu ni kwamba kitambaa hakina dini. Sura Al-A'raf, aya ya 31, inatuamrisha kujipamba tuendapo kuswali, kisha inatukataza israfu. Naye Mtume (s.a.w.), alipoulizwa kuhusu mtu apendaye nguo nzuri, alibainisha kuwa hicho sicho kibri, kibri ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Kwa hiyo kuvaa hakuna mgogoro. Yapo maswali mawili mazito zaidi.

La kwanza ni la ukweli. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) alimfananisha anayejipamba kwa asichopewa na mtu aliyevaa nguo mbili za uongo. Je, anayevaa shati la Yale naye hajafika hata Mwanza, yumo? Naona shati lenyewe halisemi uongo. Uongo unaanza pale mtu anapoulizwa kama alisoma huko, naye akatabasamu tu. Jibu la haki ni fupi: "Nimelinunua mnadani."

La pili ni la kulimbikiza. Suratul Humaza inamkemea anayekusanya mali na kuihesabu, na mkusanyaji wa mashati hufanya yote mawili. Kwetu sisi jambo hili lina uzito wa pekee. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu zaidi ya 200,000 walivuka Rusumo kwa muda wa takriban siku moja, na Benaco ikawa kambi kubwa ya wakimbizi hadi mwaka 1996. Wengi walifika na nguo za mwilini tu. Ardhi hii inajua thamani ya shati moja.

Mkusanyaji atasema anayatunza yasiishie jalalani. Kutunza ni jambo jema, lakini shati lilishonwa kwa ajili ya mgongo, na mgongo wa mtu ni mmoja. Kipimo changu ni hiki: shati lililokaa kabatini kutoka Ramadhani hadi Ramadhani bila kuvaliwa lina mwenyewe mwingine. Atafutwe apewe.

Na tusimpe lililotoboka. Sura Aal Imran, aya ya 92, inatufundisha kuwa hatutaufikia wema mpaka tutoe katika vile tuvipendavyo. Hapo ndipo penye mtihani, kwa sababu mkusanyaji anajua vizuri kuliko mtu yeyote ni shati lipi analolipenda zaidi. Ndugu msomaji, lako ni lipi?

Wabillahi tawfiq.