Mkono Huoshwa, Haukatwi

Katika vijiji vya Usukuma, na Sola ya Bariadi ni miongoni mwavyo, haki ya ng'ombe walioibwa imezoea kuusoma udongo. Mwano ukipigwa, wanaume hutoka na silaha zao za jadi, wakazifuata alama za kwato. Kijiji ambamo alama zimeingia huulizwa zimetokea wapi. Kikiweza kuzionyesha zikiendelea mbele, lawama hukiondokea. Kisipoweza, mwizi yumo ndani yake, na wazee wake ndio watakaojibu. Sungusungu, walioinuka katika nchi hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1980, ilipokuwa ingali chini ya mkoa wa Shinyanga, waliupa msingi huo nguvu mpya.

Ndani ya kawaida hiyo mna maswali mawili yaliyofungwa pamoja. La kwanza ni la mdai: nani aliyeniingilia? La pili ni la wazee: huyu aliye wetu tumtoe, na tukimtoa, anakwenda kukutana na nini? Maadamu mdai ni kijiji jirani, maswali hayo hayachelewi kupata jibu. Pande zote mbili zinaijua adhabu, na zote zitakutana tena mnadani.

Tuseme sasa kijana wa Sola hakuiba ng'ombe. Ameketi nyumbani kwao na kompyuta yake, na pasi na kuuvuka hata mto Simiyu ameingia katika mitandao ya jeshi la Marekani. Nyayo zake hazikupita juu ya udongo wowote. Je, kosa limetendeka pale mguu uliposimama, au pale mkono ulipofika? Na mdai akiwa dola yenye nguvu kupita zote, wazee wana lipi la kusema zaidi ya ule usemi wa wahenga, «Mwenye nguvu mpishe»?

Swali hili si la kubuni. Waingereza walikaa nalo miaka kumi. Gary McKinnon, mzaliwa wa Glasgow mwaka 1966, alikuwa akiishi kaskazini mwa London. Kwa mujibu wa mashtaka ya Marekani, kati ya Februari 2001 na Machi 2002 aliziingia kompyuta 97 za majeshi ya nchi hiyo na za shirika la anga la NASA. Kuingia alikukiri. Alichokuwa akikitafuta, kwa kauli yake, ni ushahidi wa vyombo vya viumbe wa sayari nyingine, na wa nishati ya bure ambayo serikali imewaficha walimwengu. Aliacha pia ujumbe wa kuilaumu siasa ya nje ya Marekani. Wadai wake walisema alifuta mafaili, akauzima kwa saa 24 mtandao wa jeshi wenye kompyuta 2,000 huko Washington, na kuleta hasara ya zaidi ya dola 700,000. Hilo la uharibifu alilikana.

Kwa maelezo yake mwenyewe, hakuvunja kufuli yoyote ya maana: alitafuta kompyuta ambazo neno lake la siri liliachwa tupu. Hapa mtu wa pwani hahitaji mwanasheria wa kumfasiria. Mlango ulio wazi hupigiwa hodi kama uliofungwa, na hodi ikipita mara tatu bila ya karibu, mgeni hurudi alikotoka. Uzembe wa mwenye nyumba ni aibu yake mwenyewe. Haugeuki kuwa ruhusa ya mpita njia. Wala shauku ya kuona maajabu haimsafishi aliyepekua kasha la mwenziwe. Mdai, basi, alikuwa na haki ya kudai. Wale waliomgeuza mdukuzi kuwa shujaa waliisoma nusu ya hesabu tu.

Lakini haki ya kudai si haki ya kuchukua, na hapo ndipo ilipo nusu ya pili. Mashtaka yalifunguliwa Marekani Novemba 2002, nayo yaliweza kumfikisha McKinnon kwenye kifungo cha miaka 70. Alikamatwa tena Juni 2005, chini ya sheria mpya ya Uingereza ya mwaka 2003 iliyoiondolea Marekani sharti la kuleta ushahidi wa awali. Yeye alidai kwamba aliahidiwa kifungo cha miaka michache akiridhia kwenda mwenyewe, na kutishwa kwa kirefu mno akikataa. Mwaka 2006 Waziri wa Mambo ya Ndani alitia saini akabidhiwe. Julai 2008 majaji wa Baraza la Malodi walikataa kumwokoa, na Agosti mwaka huo Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikakataa pia. Mwezi huohuo wa Agosti wataalamu walimkuta na hali ya Asperger, iliyo ya ukoo mmoja na usonji.

Kwa miaka yote hiyo watu wengi walisema: tumkabidhi, yatakayomfika huko si yetu. Kauli hiyo ndiyo inayostahili kupimwa. Amshikaye mbuzi miguu hawezi kusema kwamba kisu si chake. Anayemtoa mtu huku akijua anamtoa kwenda kwenye nini, ni mshirika katika hilo atakalotendewa.

Jambo hili liliwahi kuamuliwa mahakamani, na aliyehusika alikuwa Mzanzibari. Khalfan Khamis Mohamed alituhumiwa kushiriki katika mlipuko wa ubalozi wa Marekani mjini Dar es Salaam, tarehe 7 Agosti 1998, uliowaua watu 11. Alikamatwa Cape Town Oktoba 1999, na baada ya siku chache tu alikuwa mikononi mwa Wamarekani. Tarehe 28 Mei 2001 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilitamka kwamba serikali yake imevunja katiba, kwa kumtoa bila ya kwanza kupata ahadi kuwa hatauawa. Mtu mwenyewe alikwisha kufika New York. Mahakama ikaamuru hukumu yake ipelekwe huko. Wazee wa baraza wa New York hawakukubaliana juu ya kifo, na mwaka huohuo alihukumiwa kifungo cha maisha.

Kati ya kosa hilo na la McKinnon pana umbali wa mbingu na ardhi: huko walikufa watu, huku zilizimwa mashine. Lakini uzito wa somo umo katika umbali huohuo. Majaji wa Afrika Kusini hawakusema kwamba mtuhumiwa ni mwema, wala hawakuwasahau waliokufa. Walisema kwamba mtoaji naye ana hesabu yake, na hesabu hiyo haifutwi na ubaya wa anayetolewa.

Tarehe 16 Oktoba 2012, Theresa May, Waziri wa Mambo ya Ndani wa Uingereza, alizuia McKinnon asikabidhiwe, kwa kuwa hatari ya kujiua ilikuwa kubwa mno. Mama yake, Janis Sharp, alikuwa amepigana kwa ajili yake miaka yote hiyo, na wengi walifurahi pamoja naye. Wapenzi wa ushairi, hata hivyo, walikuwa na sababu ya kuikunja furaha yao. Siku 11 kabla ya hapo, tarehe 5 Oktoba, Talha Ahsan, mshairi wa London aliyekuwa na hali hiyohiyo ya Asperger, alipandishwa ndege kupelekwa Marekani, baada ya kukaa kizuizini kwa zaidi ya miaka sita bila ya kuhukumiwa. Yeye alishtakiwa kuwasaidia wapiganaji wa kigeni kupitia tovuti, hali naye alikuwa akiishi London. Mashtaka yake yalikuwa ya aina nyingine, na baadaye alikiri makosa huko Marekani. Lakini udhaifu uliomwokoa mmoja haukumzuia mwingine kupandishwa ndege. Huruma ikimfikia mwana mmoja tu, waliobaki wataiita upendeleo, na itakuwa vigumu kuwakosoa.

Vilevile haki ikienda njia moja haistahili jina hilo. Agnes Wanjiru aliuawa Nanyuki, Kenya, mwaka 2012, na uchunguzi wa mahakama mwaka 2019 ulisema waliohusika ni askari wa Uingereza. Alama za kwato, kwa lugha ya Usukuma, zilitoka Nanyuki zikaingia Uingereza. Hati ya kumkamata mtuhumiwa, aliyekuwa askari wa nchi hiyo, ilitolewa na Mahakama Kuu ya Kenya Septemba 2025. Ilichukua miaka 13 kwa kijiji hicho kikubwa kuulizwa rasmi kile ambacho Sola ingeulizwa kabla ya jua kuchwa.

Wahenga walinena kwamba mtoto akikunyea mkono huukati. Waliosema hivyo hawakumaanisha kwamba mkono uachwe ulivyo. Mkono huoshwa, na kuosha ni kazi. Tarehe 14 Desemba 2012, Mkurugenzi wa Mashtaka wa Uingereza, Keir Starmer, ambaye mwaka 2024 alikuja kuwa Waziri Mkuu, alitangaza kwamba McKinnon hatashtakiwa nchini mwake pia. Mashahidi na ushahidi mwingi vilikuwa Marekani. Mkono haukukatwa, lakini haukuoshwa. Wenye kompyuta 97 hawakupata baraza la kuwasikiliza, na McKinnon naye hakupata pa kusema, mbele ya kadhi, lipi alilitenda na lipi alisingiziwa.

Wazee wa kijana yule wa Sola wana mengi ya kujifunza hapo, nao hawana udhuru wa kukosa sheria, kwani Tanzania ilipitisha Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka 2015. Wajibu wao wa kwanza ni kumsikiliza mdai hata akiwa mkubwa asiyependeza, kwa sababu nyumba yake nayo ina mlango. Wa pili ni kumtaka alete ushahidi, kama ambavyo mfuata kwato hutakiwa kuonyesha alama chini. Wa tatu ni kumhukumu kijana pale alipokuwa amekaa, kwa adhabu inayolingana na kosa, hukumu ambayo mdai anaweza kuja kuisikiliza kwa masikio yake. Na ikiwa hapana budi atoke, asitoke kabla ya kujulikana anakwenda kutendewa nini, na sharti hilo liwe moja kwa mwana wa tajiri na kwa yatima. Dola kubwa huenda ikasema hukumu ya Bariadi ni laini. Na iseme. Kijiji kilichomhukumu mtu wake kweli, mbele ya aliyedhulumiwa, kimekwisha kulijibu lile swali la nyayo.