Kodi ya Nyumba ya Fahari

Vijana wetu wenye kazi nzuri huliuliza swali hili mara nyingi siku hizi, na wazazi wao huko mikoani huliuliza kwa sauti ya chini zaidi: Je, ni kosa mtu kupanga nyumba ya fahari mjini, ikiwa fedha ni zake mwenyewe, zimepatikana kwa jasho la haki, na hakuna aliyeibiwa? Wengine hujibu upesi kwamba si kosa hata kidogo, maana kila mtu hujikuna ajipatapo. Wengine hulaumu upesi vilevile, na ndani ya lawama zao mara nyingi kuna kijicho. Majibu yote mawili hayatutoshi.

Tulitazame jambo lenyewe mahali lilipo. Katika jiji la Dar es Salaam, ambalo kwa sensa ya mwaka 2022 lilikuwa na watu 5,383,728, nyumba za namna hii ziko hasa Oysterbay na Masaki katika rasi ya Msasani, na nyingine Upanga. Ni fleti za ghorofani zenye lifti, viyoyozi, jenereta ya kuwashwa umeme ukatikapo, bwawa la kuogelea, na walinzi getini usiku na mchana. Kwa muda mrefu kodi ya nyingi kati yake ilitajwa kwa dola za Marekani, mpaka kanuni za mwaka 2025 zilipokataza bei za humu nchini kutajwa kwa fedha za kigeni. Tena kodi hiyo aghalabu hailipwi mwezi kwa mwezi kama mshahara ujavyo. Mwenye nyumba hutaka ya miezi sita, au ya mwaka mzima, kabla ya kutoa ufunguo, mbali na haki ya dalali.

Wazee wa mji huu hawana haja ya kukumbushwa Oysterbay ilikuwa nini. Wakati wa Wajerumani, na kisha wa Waingereza, kanuni za ujenzi ziligawa mji kwa aina ya nyumba, na kwa aina ya nyumba zikagawa watu: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Mwafrika aliingia Uzunguni akiwa mpishi, yaya au mtunza bustani. Uhuru ulipopatikana mwaka 1961 mgawanyo ule ulipoteza nguvu yake. Leo hakuna azuiwaye kwa rangi yake; azuiwa kwa bei. Hatusemi kwamba mambo haya mawili ni sawa, la hasha! Bei haimtukani mtu kwa jinsi alivyozaliwa, na aliye nje leo aweza kuwa ndani kesho. Lakini mpishi na yaya wangali wakishuka katika daladala asubuhi, wakitoka Mbagala na Gongo la Mboto, ambako wengi wao hupanga chumba kimoja katika nyumba ya Kiswahili, vyumba huku na huku, korido katikati, na choo cha wote uani.

Jambo la kupangisha limekwisha kutazamwa na sheria zaidi ya mara moja. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Sheria ya mwaka 1971 ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani iliyozidi shilingi 100,000. Mwaka 1991, kule Zanzibar, masharti yale ya viongozi yalilegezwa. Mtu aweza kuyasifu hayo au kuyalaumu. Linalotushangaza sisi ni kwamba yote yalimhusu mwenye nyumba. Mpangaji hakuulizwa neno. Yeye huonwa siku zote kuwa mnyonge, na kwa wapangaji wengi ndivyo ilivyo. Lakini mpangaji wa nyumba ya fahari amechagua, na aliyechagua aweza kuulizwa.

Basi amenunua nini? Nyumba hakununua, maana mkataba ukiisha hana hata msumari. Amenunua maji yasiyokatika na usalama, na haya si anasa. Mama arudiye kazini usiku, mgonjwa asiyeweza kupanda ngazi, familia iliyovunjiwa mlango mara mbili, hao wote wana haki ya kutafuta mahali pa amani. Yupo pia ambaye mwajiri ndiye amlipiaye. Lakini ukiisha kuyatoa hayo, sehemu kubwa ya kodi iliyobaki hulipia umbali: umbali na kelele, na vumbi, na mkono wa mwenye shida. Hapo ndipo tunapoona neno lenyewe lilipo. Mjomba afika kutoka Songea kwa matibabu Muhimbili. Getini aulizwa anamfuata nani, jina lake laandikwa daftarini, simu yapigwa juu, naye angoja juani na kikapu chake. Kisha aambiwa kwa upole kwamba jengo lina masharti juu ya wageni wa kulala. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hata wao walimhesabia zile mbili.

Kanisa halijapata kufundisha kwamba mali ni dhambi. Papa Leo XIII, katika waraka wake wa mwaka 1891, alitetea haki ya mtu kumiliki. Akaongeza kwamba mtu akiisha kujitosheleza kadiri ya mahitaji na hali yake, kilichozidi kina wajibu kwa maskini. Mtaguso wa Pili wa Vatikano nao ulifundisha mwaka 1965 kwamba vitu vya dunia vimekusudiwa watu wote. Ugumu uko katika lile neno “hali”. Hali ya mtu wa mjini hupanda siku ile ile mshahara upandapo, na kilichozidi hakionekani kamwe. Wengine huipandisha hata kabla ya mshahara: hukopa ili walipe kodi ya mwaka, na ada ya shule ya mdogo wao ikangoja. Hao hawana hata lile jibu la kwamba fedha ni zao. Wala wazazi tusijitoe katika shauri hili, sisi tutembeao kijijini tukisema, “Mwanangu anakaa Masaki.”

Kwa maoni yetu, mume na mke wangeketi na daftari kabla ya kumwita dalali. Waandike kwanza wenye haki katika mshahara ule: yaya na mshahara wa kumwezesha naye kulipa pango lake, ada za wadogo, paa la nyumba ya mama, na godoro la mgeni. Kitakachosalia ndicho cha kodi. Kikitosha Masaki, na waende Masaki, na mlinzi aambiwe jina la mjomba mapema. Kikiishia Tabata, huko nako kuna shule, kuna parokia, na daladala za kwenda mjini ni nyingi.