Mtoto Wangu na Shule ya Kayumba

Huku Dar es Salaam shule ya msingi ya serikali tunaiita Kayumba. Wenye utani zaidi husema "Saint Kayumba", eti nayo ipate jina la kitakatifu kama zile za basi la njano. Binti yangu yuko Kayumba, darasa la tatu, hapa Kariakoo. Ada ya shule ya Kiingereza naweza kuilipa nikijibana. Ndiyo maana swali hili linanikosesha usingizi: ni haki kumwacha pale?

Darasani kwake wako zaidi ya tisini. Mtoto wa mama lishe anabanana dawati moja na mtoto wa mwenye duka. Wamo Wapemba, Wachaga, Wakinga, na wajukuu wa Wamanyema wa zamani. Kariakoo ndivyo ilivyo, hata jina lake limetokana na Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Enzi za ukoloni shule ziligawanywa kwa rangi: za Wazungu, za Wahindi, za Waafrika. Mgawanyo huo ulifutwa rasmi mwanzoni mwa 1962. Leo hakuna sheria inayotutenganisha. Tunatenganishwa na ada.

Jirani yangu anayeuza vitenge Mtaa wa Kongo ananiona mbishi tu. "Dada, mtoto si bendera," aliniambia. Hoja yake ni nzito, wala siwezi kuiruka. Binti yangu atasoma kwa Kiswahili miaka yote ya msingi, halafu kidato cha kwanza masomo karibu yote yageuke Kiingereza ghafla, na hapo mwenzake wa basi la njano keshatangulia mbali. Msimamo ni wangu, gharama ni yake. Na yeye hajaulizwa.

Ila kuna kitabu kimoja hakinipi nafasi ya kupumua: Exit, Voice, and Loyalty cha mchumi Albert Hirschman, cha mwaka 1970. Alianzia kwenye reli ya Nigeria. Malori yalikuwa yanainyang'anya mizigo, lakini reli haikushtuka wala kujirekebisha. Kwa nini? Kwa sababu wateja ambao kelele zao zingesikika ndio waliohamia kwenye malori. Waliobaki hawakuwa na wa kumsumbua. Akaona shule za umma nazo zinaweza kuugua ugonjwa huohuo. Nilivyosoma hapo niliiona kamati yetu ya shule, sura kwa sura. Michango ya lazima ilipofutwa, kuanzia Januari 2016, watoto walifurika, na hilo ni jema kabisa. Mtaani kwangu wenye nafasi nao wakazidi kufungasha.

Kwa hiyo jirani yangu anaposema nisimtumie mtoto, namuuliza: ukimhamisha humtumii? Unamtumia kulinda nafasi ya familia, na wakati mwingine, tusidanganyane, kuonekana. Tena mtoto wa mama lishe naye si bendera, lakini ndiye anayebaki na shule iliyokimbiwa.

Kinachonisumbua zaidi ni kingine. Kubaki kwangu si kubaki kwa mama lishe. Vikao viwili mfululizo aliuliza habari ya vyoo, ikaandikwa "imepokelewa". Niliuliza mimi, fundi akaja kupima wiki ileile. Najua kwa nini. Wanajua mlango wa kutokea ninao. Yaani sauti yangu ina nguvu kwa sababu ya hela ileile ambayo najisifu sijaitumia! Sasa huo ni uaminifu kwa jirani, au ni anasa ya mtu mwenye akiba?

Na mlango wenyewe sijaufunga. Nimekubaliana na mume wangu: mwaka ukiisha binti yetu hawezi kusoma aya moja na kutueleza alichosoma, tunamhamisha. Siwezi kumwacha azame ili hoja yangu ielee. Lakini nikikutana na mama lishe getini najisikia mgeni, maana yeye hana sharti lolote la kuwawekea; ana shule hiyo tu.

Jumamosi kuna kikao, na ajenda ni matundu ya vyoo. Nimemwomba aongee yeye kwanza, kisha mimi nisimame kusema namuunga mkono. Akacheka, akasema, "Na wakiandika tena imepokelewa?" Nikamwambia tutakaa hapohapo, hatutoki hadi wataje tarehe.