Amana ya Sikio: Uandishi Huru wa Muziki kama Ushahidi

Miongoni mwa maswali ambayo falsafa ya sanaa na maadili ya dini huyagusa kwa pamoja, lipo moja ambalo halijapewa nafasi ya kutosha katika maandishi ya Kiswahili, nalo ni hili: mtu aliyesikia muziki ukamgusa moyo, akafahamu yaliyomo ndani yake, ana deni gani kwa mwimbaji, kwa jirani ambaye hakuusikia, na kwa kizazi kitakachokuja baada yao? Insha hii inatetea jibu kwamba deni hilo lipo, kwamba hulipwa kwa ushahidi, na kwamba katika jamii inayosoma ushahidi huo hukamilika unapoandikwa na mtu aliye huru. Uandishi huru wa muziki, kwa maana inayotumika hapa, ni wasifu, tahakiki na maelezo ya nyimbo yanayoandikwa na mtu asiyelipwa na mwimbaji anayemwandika, wala na kampuni inayouza nyimbo zake, wala na kituo cha redio kinachozipiga, wala na chama cha siasa kinachozihitaji jukwaani.

Swali hili lina uzito wa pekee mahali kama Mnazi, katika Wilaya ya Lushoto mkoani Tanga, kwenye tambarare iliyo chini ya Milima ya Usambara upande wa kuelekea mpaka wa Kenya. Huko milimani, Mlalo, wamisionari wa Betheli kutoka Ujerumani walianza kazi mwaka 1891, na tangu hapo uimbaji wa Kilutheri umelelewa kwa zaidi ya karne moja. Uislamu uliotoka pwani ulileta maulidi na kaswida. Wasambaa wenyewe wana mdumange na ngoma nyingine za asili. Na mashamba ya mkonge ya Tanga, zao lililoletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, yaliwakusanya vibarua kutoka mbali ambao kila kundi lilikuja na ngoma zake. Utajiri huu umekaa masikioni kuliko vitabuni. Msomaji wa Mnazi hupata kwa urahisi tangazo la tamasha na picha ya msanii, lakini hupata kwa shida maandishi yanayomweleza wimbo ulitungwa kwa sababu gani, uliwajibu akina nani, na kwa nini wazee wakiusikia hunyamaza.

Pingamizi la kwanza dhidi ya uandishi wa aina hii ni la kifalsafa, nalo husema kwamba muziki haudai maneno, kwa kuwa kama ungeweza kusemwa usingeimbwa, na kwamba anayeuandika anazungumza kwa niaba yake bila kutumwa. Pingamizi hili lina ukweli ndani yake, kwa sababu hakuna maelezo yanayoweza kuchukua nafasi ya sauti yenyewe, lakini linakosea linapochukulia kwamba kusikiliza ni jambo linalomtokea mtu tu, kama mvua inavyomnyeshea, ilhali mapokeo makuu mawili ya dini yanayoishi pamoja Usambara yamefundisha kwamba kusikiliza ni tendo, na kwamba tendo hilo lina hesabu yake. Mtakatifu Augustino, askofu wa Hippo katika nchi ambayo leo ni Algeria, alijihoji katika kitabu chake cha Maungamo kama haikuwa dhambi kuguswa na uzuri wa sauti kuliko maneno yaliyoimbwa, na baada ya kupima pande zote mbili aliegemea kuruhusu uimbaji kanisani bila kuuacha wasiwasi wake. Imamu al-Ghazali, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, aliweka ndani ya Ihyaa Ulum al-Din kitabu kizima juu ya adabu za samaa, yaani usikilizaji wa mashairi na nyimbo, akaeleza kwamba hukumu ya muziki haitolewi kwa jumla, bali hutegemea mwimbaji, ala, maneno yanayoimbwa na hali ya moyo wa anayesikiliza. Wanazuoni hawa walitengana kwa imani na kwa karne nyingi, lakini kila mmoja alisikiliza, akajihoji, kisha akaandika alichokigundua ili wengine wajipime. Kwa hiyo uandishi juu ya muziki una mizizi ndani ya ibada yenyewe, na haukuanza na magazeti ya burudani.

Ikiwa kusikiliza ni tendo, basi swali linalofuata ni kwa nini tendo hilo lizae maandishi badala ya kuishia moyoni. Jibu la kawaida ni kwamba sauti hupita, na mtu wa leo anaweza kujibu kwamba mashine zimekwisha kulitatua tatizo hilo, kwa kuwa tangu matangazo ya redio yaanze Dar es Salaam mwaka 1951, na hasa katika miaka ya Radio Tanzania, bendi nyingi zilirekodiwa, zikiwemo zile zilizoupa mji wa Tanga sifa kubwa, kama Atomic Jazz, Jamhuri Jazz na Black Star Musical Club. Lakini kanda huhifadhi mlio wa wimbo pasipo kuhifadhi sababu zake. Wimbo wa Kijiti ulioimbwa na Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja, unatoa ushahidi ulio wazi. Unasimulia kisa cha mwanamke aliyeuawa Unguja, cha muuaji aliyetorokea bara, na cha wanawake waliojitokeza kutoa ushahidi ambao mwishowe ndio walioadhibiwa. Na mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake cha mwaka 2001 kuhusu Unguja ya wakati wa ukoloni, ameonyesha jinsi wazee walivyozifahamu nyimbo za namna hiyo kuwa ni lawama dhidi ya mahakama za kikoloni. Msikilizaji wa leo asiyepewa maelezo hayo husikia sauti nzuri na fidla, lakini hasikii kesi iliyokatwa kwa dhuluma, na kwa hiyo sehemu ya wimbo iliyokuwa na uzito mkubwa kuliko zote humpita.

Mfano ulio bora wa uandishi unaotetewa hapa ulitoka katika mkoa huohuo wa Tanga. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na mji wa Tanga mwaka 1909, aliandika Wasifu wa Siti binti Saad, kitabu kilichotoka mwaka 1958, miaka 8 baada ya mwimbaji huyo kufariki. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, katika familia duni, akauza vyungu kabla ya kupata jina kwa sauti yake, na mwaka 1928 alisafiri na wenzake hadi Bombay, ambako santuri zake za kwanza zilirekodiwa. Kinachostahili kuzingatiwa ni nafasi ya mwandishi mwenyewe: hakuwa mmoja wa kundi la Siti, hakuwa mfanyabiashara wa santuri, na riziki yake aliipata kwa ukarani katika ofisi za serikali, si kwa kumsifu mwimbaji. Alimwandika mwanamke aliyedharauliwa kwa nasaba kwa heshima ambayo waandishi wa zama zake waliwapa watawala, na kwa kufanya hivyo alithibitisha kwamba maisha ya mwimbaji ni jambo linalofaa kuandikwa kwa Kiswahili sanifu na kuwekwa mbele ya umma wote.

Uhuru wa mwandishi ndio unaoyafanya maneno yake yawe ushahidi badala ya tangazo, na hapa dini zinazungumza bila kigugumizi. Amri inayokataza kumshuhudia jirani uongo imo katika Kitabu cha Kutoka, na aya ya 135 ya Suratun Nisaa inawaamuru waumini wasimame imara katika uadilifu wakiwa mashahidi kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, hata kama ushahidi huo ni dhidi ya nafsi zao, wazazi wao au jamaa zao. Katika mafunzo yote mawili shahidi mwenye masilahi katika shauri hutiliwa shaka, kwa kuwa hata akisema kweli msikilizaji hana njia ya kuitenga kweli hiyo na faida anayoipata. Historia ya muziki wa karne ya 20 imeonyesha madhara ya kuisahau kanuni hii: nchini Marekani uchunguzi wa Bunge ulioanza mwaka 1959 ulifichua jinsi watangazaji wa redio walivyopokea fedha za siri ili wapige santuri fulani, na mtangazaji mashuhuri Alan Freed alikiri kosa mahakamani mwaka 1962. Wasikilizaji waliodhani kwamba wanasikia nyimbo bora walikuwa wakisikia nyimbo zilizolipiwa.

Inaweza kuulizwa kama hukumu hii haiigusi desturi ya kutunza, yaani kumpa mwimbaji wa taarabu fedha wakati anaimba, desturi iliyokita mizizi Tanga na pwani yote. Tofauti ni kubwa. Anayetunza huinuka mbele ya hadhara, fedha huonekana, kila mtu hujua nani kampa nani, na mara nyingi hujua pia maneno ya wimbo yamemlenga nani; tuzo ya namna hii ni kauli ya wazi ya msikilizaji, na haimdanganyi mtu. Malipo yanayoharibu ni yale yanayofichwa nyuma ya maneno yanayojifanya hukumu ya haki, na kwa sababu hiyo mwandishi anayepata msaada wowote kutoka kwa anayemwandika, uwe nauli au tiketi ya bure, anatakiwa kuutaja, ili msomaji aupime ushahidi wake akiwa na habari zote.

Usambara ina fikra yake yenyewe inayoweza kuipa hoja hii nguvu. Steven Feierman, mwanahistoria aliyeichunguza jamii ya Wasambaa kwa miaka mingi, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1990 kuhusu wasomi wakulima kwamba mjadala wa kisiasa wa Wasambaa ulizunguka dhana mbili: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu nchi. Wasomi aliowazungumzia walikuwa wanaume na wanawake walioishi kwa jembe, ambao nyakati za mgogoro waliweza kuyapanga mawazo ya wenzao na kuwaongoza, na kwa kuwa chakula chao kilitoka shambani hawakuwa watumishi wa fikra za mtawala. Mwandishi huru wa muziki anaingia katika ukoo huo wa kifikra, kwa sababu naye humtegemea mkulima, mwalimu au karani aliye ndani yake mwenyewe ili alishe familia, na kwa uhuru huo hupata uwezo wa kusema ni wimbo upi unaiponya nchi na upi unaiharibu.

Pingamizi la mwisho ni la kimaadili, nalo linastahili kujibiwa kwa uzito, kwa kuwa mcha Mungu anaweza kuhofia kwamba kuandika kasoro za mwimbaji ni ghiba, yaani kumsema mtu kwa jambo ambalo angelichukia. Wanazuoni wa hadithi za Mtume Muhammad walikabiliwa na hofu hiyohiyo walipotakiwa kueleza udhaifu wa wapokezi wa hadithi hizo, na wakaujenga utaratibu unaoitwa jarh na taadil, ambao maana yake ni kutaja kasoro za mpokezi na kuuthibitisha uaminifu wake, kwa sharti kwamba lisemwe lile tu linalohitajika ili kweli ijulikane. Kanuni hiyo inatosha kwa tahakiki ya muziki: sauti, utunzi na ujumbe vihukumiwe kwa haki, na aibu za nyumbani kwa mtu ziachwe nyumbani kwake.

Hata hivyo ushahidi usiomfikia msikilizaji haujatimiza kazi yake, na kwa hiyo deni lililotajwa mwanzoni linamhusu msomaji sawasawa na mwandishi. Maandishi huru hayana mabango barabarani wala muda wa kulipiwa redioni, na njia yake ya kusambaa ni ile iliyoyahifadhi mapokeo ya dini kabla ya matbaa, yaani isnadi, mnyororo wa watu wanaojulikana ambao kila mmoja humtaja aliyempa habari. Mwalimu wa kwaya anayemwambia mwanafunzi wake ni maandishi gani yatakayomfungua macho, na nani alimwelekeza yeye, anampa kitu ambacho orodha ya nyimbo zinazouzwa sana haiwezi kukitoa, kwa sababu anaweka heshima yake mwenyewe kuwa dhamana ya anachokipendekeza. Msomaji wa namna hiyo pia hulipa bei ya kitabu au jarida anapoweza, kwa kuwa uhuru wa mwandishi una gharama, na gharama hiyo isipobebwa na wasomaji wengi kidogo kidogo hubebwa na tajiri mmoja, ambaye naye hudai malipo yake.

Kwa hiyo wajibu umegawanyika na kila mmoja ana fungu lake. Aliyesikia na akafahamu, awe Mnazi, Mlalo au Tanga mjini, aandike, ataje majina, miaka na sababu za nyimbo kabla wenye kuzijua hawajaondoka. Aliyesoma akaridhika ampe mwenzake maandishi hayo na amweleze alikoyapata. Na wote wawili waikatae sifa iliyonunuliwa, hata inapokuwa ya wimbo wanaoupenda. Sikio limepewa amana, na amana hurudishwa kwa wenyewe ikiwa kamili.