Ajuaye Anaponunua kwa Asiyejua

Tuseme mtu wa Kabati, upande wa Kitui, amefiwa na babu yake, na warithi wenziwe wamemwachia kazi ya kutoa vyombo katika nyumba ya mzee. (Kabati hii ni mji ulio katika njia ya Kitui kwenda Migwani; si ile ya Murang'a, wala si ya kuwekea nguo.) Chini ya kitanda atoa sanduku la bati, na ndani yake mna vitu asivyovijua: msokoto wa waya wa shaba, sarafu pana iliyoingia weusi yenye sura ya mwanamke mnene, na kisahani chenye kichwa cha mfalme. Mara apita mnunuzi wa vyuma chakavu na mizani yake. Atazama, avitambua vyote, na anyamaza. Avipima kwa kilo, alipa, aenda zake. Je, amekosa?

Asidhani msomaji wa pwani kuwa suala hili ni la watu wa bara peke yao. Vitu hivi vingi vilipandia bandarini kwetu. Wakamba walikuwa wakiteremsha pembe za ndovu hata Mombasa, na waya wa shaba, ushanga na nguo ndivyo vilivyokuwa malipo ya njia ile. Mafundi wao waliufanya waya kuwa mikufu na vikuku, na wakautia nakshi katika viti vyao vya miguu mitatu. Krapf alipofika Kitui mwaka 1849, mwenyeji wake Kivoi alikuwa mmoja wa wakubwa wa biashara hiyo.

Sarafu ile nayo ni riale ya Maria Theresa wa Austria, waliyoitumia wazee wetu. Imeandikwa 1780, mwaka aliokufa malkia huyo. Lakini iliendelea kupigwa miaka mingi baada yake, Vienna na London na Bombay na kwingineko, na kila moja yaandikwa 1780 vilevile. Basi mwenye kuishika na kuapa kuwa ina umri wa miaka mia mbili na zaidi, ameapa kwa asilolijua. Amma kile kisahani ni nishani ya Kiingereza ya vita vya 1914 hadi 1918, na katika ukingo wake mwembamba hupigwa namba na jina la aliyepewa.

Mnunuzi wetu ana hoja, wala si hoja ya kudharauliwa. Atasema: "Sikusema uwongo. Elimu hii nimeipata kwa miaka na kwa khasara. Ndiyo rasilimali yangu. Nikimfundisha kila muuzaji, nitakula nini? Naye ana macho na ulimi, mbona hakuuliza?" Na fiqhi ya madhhab yetu ya Shafii yaelekea kumpa nguvu, kwani imesemwa kuwa aliyenunua kigae cha kioo akidhani ni johari hana khiyari ya kurudisha, maadamu hakudanganywa, amejipunja mwenyewe kwa kutouliza. Aliyeuza johari akidhani ni kioo yu karibu na huyo.

Lakini hukumu ya kadhi ni jambo moja, na alilo nalo mtu baina yake na Mola wake ni jambo jingine. Imepokewa na Tabarani kuwa Jarir bin Abdillah al-Bajali alinunuliwa farasi na mtumishi wake kwa 300. Alipomwona farasi, alimwendea mwenyewe akamwambia mnyama wako ana thamani zaidi, akawa akimwongezea hata ikafika 800. Alipoulizwa, alijibu kuwa alimpa Mtume ahadi ya kumtakia kheri kila Mwislamu. Muuzaji alikuwa ameridhika na 300! Jarir hakuihesabu ridhaa ile kuwa ni ridhaa.

Hapo ndipo ninapoona tofauti. Kujua kuwa shaba itapanda bei Nairobi ni elimu ya soko, na mwenye nayo haonekani kulazimika kuigawa. Kujua kitu ni nini ni elimu nyingine. Yule kijana wa Kabati ameridhia kuuza chuma. Hakuridhia kuuza jina la babu yake lililochongwa ukingoni, kwa kuwa hajui limo. Mtu hawezi kuridhia kuacha asichojua kuwa anacho. Ikiwa mnunuzi ataka ujira wa elimu yake, aseme wazi: "Nakijua kitu hiki, nipe kadha, nikueleze." Hiyo ni halali, na pengine ndiyo biashara yenye faida zaidi.

Wala kutojua si upumbavu. Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia aliokota sarafu tisa katika mchanga wa visiwa vya Wessel, kaskazini ya nchi yake, akazitia katika kopo. Zilikaa hata 1979 alipowaonyesha wajuzi, wakamwambia: nne za Kiholanzi, na tano za masultani wa Kilwa, Kilwa yetu hii. Wale wajuzi wangaliweza kumpa bei ya shaba.

Yuko pia mwovu wa upande wa pili, mwenye kukipa kitu jina kisichokuwa nalo. Mwaka 2009 huko Saudia ulienea uvumi kuwa cherehani kuukuu za Singer zina zebaki nyekundu, na watu wakazinunua kwa maelfu ya riyali. Asiyejua na aseme sijui. Na kikiwa ni kitu chenye sura ya kombora, asikiguse, aite polisi.

Limebaki jambo moja. Ikiwa mnunuzi naye hakujua, akachukua sanduku kwa bei ya bati, na nyumbani akakuta riale nyingine zimefichwa chini ya karatasi, hizo hazikuuzwa hata kidogo. Ni mali ya warithi wa yule mzee, na nauli ya kurudi Kabati si udhuru.