Kiongozi na njaa ya raia wake

Tarehe 14 Desemba 2024 kimbunga Chido kiliipiga Mayotte, kisiwa chenye Waislamu wengi kilicho chini ya Ufaransa. Rais Macron alipofika siku tano baadaye, alizomewa na watu waliokuwa wakililia maji. Nilimkumbuka Sayyidna Umar (r.a.). Njaa ilipoikumba Madina mwaka wa 18 Hijria, aliagiza chakula Shamu, naye akajinyima samli mpaka raia washibe. Kila mchunga ataulizwa juu ya kundi lake, nasi tutaulizwa juu ya jirani. Rusizi ikifurika tena, watu wa Gatumba watalala nje. Tuwadai viongozi haki ya waathirika, na sisi wenyewe tujinyime sahani moja, tuwapelekee. Wabillahi tawfiq.